Gari Lililozibwa Madirisha

Mtu wa kwanza kuwaonya alipigiwa honi.

Alikuwa mchungaji, amesimama katikati ya njia, fimbo ameinua juu, kama wanavyosimama Waafari wa uwanda wa Hanle wanapotaka kupeana dagu. Na dagu si salamu ya kupita. Wawili wakikutana nyikani lazima wasimame waambiane yote: umetoka wapi, kisima gani kina maji, njia gani imekatika, nani amezaa, nani amezikwa. Anayemnyima mwenzake dagu huonekana mtu asiye na kwao. Lakini Humed, aliyeshika usukani, alikuwa na kiyoyozi, na ukishusha kioo ubaridi wote unatoka kama kuku waliofunguliwa banda. Basi akapiga honi, akamzunguka yule mzee, akamwachia vumbi.

"Shemeji, yule alikuwa na neno," Medina alisema kutoka nyuma.

"Atawaambia mbuzi wake."

Mama Momina, mama yake Humed na mkwe wa Medina, alikuwa amekaa mbele na mtandio wake mzuri wa Tajura. Akacheka kidogo. "Endesha, mwanangu. Wachungaji maneno hayawaishi."

Medina mwenyewe ni binti wa wachungaji, na mkwe wake alilijua hilo vizuri sana. Akamtazama mtoto mapajani. Kadafo alikuwa bado hajaanza kutambaa, na baba yake, Lubak, alikuwa hajamwona hata mara moja. Lubak alikuwa Dorra na watu wa kuchimba visima. Safari yote hii ilikuwa ya kumpelekea mwanawe.

Walipaswa kutoka Yoboki kabla ya jua. Kila mtu alijua. Lakini Humed hasafiri bila mirungi, na mirungi huingia adhuhuri na malori ya kutoka Ethiopia. Basi wakakaa kuingoja, mwezi ule wa upepo wa khamsini, mwezi ambao hata mbwa wa Yoboki hulala chini ya malori mchana kutwa. Mirungi ikaja, Humed akajaza shavu, wakaondoka wakati ambao mtu mwenye akili anatafuta kivuli.

"Mnaogopa nini?" alisema. "Humu ndani ni friji."

Ni kweli alilihangaikia gari lile. Lilikuwa la milango miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, na mabenchi ya kutazamana. Darini alibandika sponji ya godoro. Kwenye vioo alibandika karatasi nyeusi. Yale madirisha ya nyuma ya kusukuma aliyaziba kabisa kwa gundi ya silikoni, ubaridi usitoke na vumbi lisiingie. Medina alimshukuru kwa hilo. Mtoto alikuwa na kifua. Mama gani hatashukuru? Hakuna aliyefikiri kwamba kinachozuia ubaridi usitoke kitazuia na moto pia. Nao mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na mizigo: mikeka mipya ya ukindu ya Mama Momina, mabegi, gunia la mchele, vyote vimepangwa hadi juu.

Mbele kidogo wakakuta njia imekatika. Mvua ya milimani ilikuwa imeshuka siku zilizopita, ikachimba korongo lenye kingo kama ukuta. Hilo ndilo neno alilokuwa nalo yule mzee wa fimbo. Medina hakulisema. Mama Momina alimtazama kupitia kioo kidogo, kama anayemngoja aseme.

Humed akakata kushoto, akaingia uwandani. Kwa mbali ardhi ilionekana ngumu, imepasuka vipande kama sahani. Chini ya sahani kulikuwa na vumbi laini kuliko unga wa ngano. Magurudumu yakaanza kuzama. Akaweka gia ndogo, injini ikalia, vumbi likafumuka mbele na kunyonywa lote kwenye rejeta. Mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Zima kiyoyozi," alisema Mama Momina.

"Nimeshazima, mama."

"Mbona mshale bado unapanda?"

"Nafungua hita."

"Hita?"

"Inanyonya moto kwenye injini."

"Halafu inaupeleka wapi?"

Jibu lilikuwa limeshaanza kuvuma miguuni mwao. Dereva yeyote wa nyika atakwambia kwamba injini ikikaribia kuchemka unafungua hita mpaka mwisho, na kweli injini hupona. Lakini ule moto hautoweki. Unahama kutoka kwenye chuma kwenda kwa watu. Aliyekaa mbele anashusha kioo chake na kuvumilia. Aliyekaa nyuma, kwenye madirisha yaliyozibwa, ana nini?

Medina alihisi moto ukipanda kwenye nyayo. Mpira unaozunguka mti wa gia ulikuwa umechanika zamani, na zulia la sakafuni Humed alilitoa kwa sababu lilinuka maziwa. Bati lilikuwa tupu. Kandambili zake zikaanza kunata. Akapandisha miguu kwenye benchi, akamwinua Kadafo kifuani, mtoto akalia kilio kikali cha hasira.

"Mnyamazishe," Humed alisema. "Natafuta njia."

"Tafuta kwa macho. Masikio hayahitajiki."

Gari likaruka mara moja, likazama upande wa kulia, likalala hapo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Chini ya boneti maji yakawa yanachemka kama chungu. Halafu ikasikika khamsini yenyewe, ikisugua mchanga kwenye vioo.

Humed akapandisha kioo. Mama Momina naye akapandisha chake.

"Kwa nini mnafunga?" Medina aliuliza.

"Huoni upepo? Ule ni moto mtupu. Tukae na ubaridi tulionao."

"Ubaridi gani, shemeji?"

"Kivuli ni kivuli," alisema Mama Momina. "Tulia, mke wa Lubak. Nyinyi wachungaji mmezoea kukimbia nyuma ya kila kinachopumua."

Wakakaa. Jasho likawa linatoka na kukauka kabla ya kufika kidevuni. Sponji ya darini ikaanza kulegea na kunuka gundi. Chuma cha mlango hakigusiki. Kadafo alilia, kisha akalia kwa vituo, kisha akaacha.

Hapo ndipo Medina aliposhikwa na hofu ya kweli. Mama mwenzangu unayesoma, mtoto akilia kwenye joto mshukuru Mungu. Akinyamaza, simama. Medina akamshika shingo: moto, mkavu, hakuna hata tone la jasho. Akapeleka mkono kwenye nepi: kavu. Tangu Yoboki hajakojoa. Akamtilia ziwa mdomoni, mtoto hakulishika. Macho yalikuwa wazi nusu, yanatazama pasipo na kitu.

"Mtoto anaharibika."

Mama Momina akageuka. Akamtazama mjukuu, uso ukabadilika, lakini mdomo ukabaki ule ule. "Mpake samli utosini. Ipo kwenye begi langu."

"Samli itamfunga ngozi. Anataka upepo."

"Nimelea watoto kabla hujazaliwa."

"Sijakataa, mama. Fungua mlango."

Hakuna aliyefungua. Medina akapapasa chini ya benchi, akapata mpini wa jeki. Akamfunika Kadafo uso kwa kanga, akamgeuza mgongo uelekee dirishani, akapiga. Kioo kikapasuka lakini hakikuanguka, ile karatasi nyeusi ikakishika. Akapiga tena, akakisukuma nje kwa kisigino.

"Kioo changu," Humed alisema.

"Kakitoe kwenye mahari yangu."

Upepo uliingia wa moto, ndiyo, wenye mchanga. Lakini ulikuwa upepo. Medina akapiga dirisha la upande wa pili ili ulioingia upate pa kutokea. Kisha akamfunga mtoto kifuani, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kusukuma mizigo nje, akiitupa bila kutazama inaangukia wapi. Mikeka ilipoanguka, Mama Momina alishuka upesi kuliko umri wake.

"Hiyo ni ya nyumba ya mwanangu. Nimeifuma kwa mikono hii."

"Na mwana wa mwanao ndiye huyu."

Kwa Waafari nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayefuma mikeka, anayeikunja, anayeisimamisha mahali papya. Mwanamume hukaa ndani tu. Medina alikuwa ameshajenga nyumba kwenye upepo tangu akiwa binti. Akafunga ncha za mikeka kwenye keria ya juu ya gari, upande usiopigwa na jua, akaivuta mbali na gari, akaikaza chini kwa mawe na gunia la mchele.

Humed, aliyekuwa amekwisha kushuka, akasema, "Iegemeze garini, itasimama imara."

"Mkeka ukigusa bati unakuwa bati. Uache upumue. Na chini usizibe, acha nafasi ya mkono. Lete beleshi."

"Beleshi la kutolea gari?"

"La kutolea mchanga wa juu. Wa chini haujaungua."

Humed akachimba, shavu la mirungi bado limevimba. Akafika kwenye udongo ambao mkono unaweza kukaa. Medina akamlaza Kadafo hapo, na nepi tu, akamwekea kanga chini. Ikabaki shida ya maji.

Lilikuwa limesalia dumu moja. Humed akalishika mpini.

"Nusu kwenye rejeta," alisema. "Bila injini tunakufa wote."

"Ukimwaga sasa kwenye chuma chenye moto, nusu itaruka mvuke na nyingine itapasua chuma. Subiri kipoe."

"Nani kakufundisha injini?"

"Chungu. Liweke chini."

"Shemeji, mimi ndiye dereva hapa."

"Basi nipeleke Dorra. Nikamwonyeshe Lubak nini? Kanga tupu?"

Hakuliachia. Naye Medina alikuwa amelishika upande wa pili, na dumu likawa linatikisika katikati yao, tone kwa tone kwenye vumbi. Mama Momina alisimama akiwatazama. Kisha akaenda kwenye mizigo, akafukua birika lake la udhu, la shaba, lililojaa tangu alfajiri. Alikuwa halitoi kwa mtu. Akapiga magoti penye mkeka, akalowesha mtandio wake wa Tajura, akaufunika kifuani na tumboni kwa mtoto.

"Mama, maji ya swala," alisema Humed.

"Nitatayamamu. Hapa mchanga umekosekana?" Hakugeuka. "Liache hilo dumu, na uteme huo uchafu mdomoni. Unakukausha kama ngozi ya mbuzi, halafu unywe maji ya mjukuu wangu."

Humed akatema.

Mchana uliobaki waliupitisha hivyo. Mmoja analowesha, mmoja anapepea kwa kifuniko cha sufuria, wakibadilishana bila kuambiana. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kifuniko cha dumu. Medina alikunywa ya kwake na kukandamiza ziwa, akadondosha matone mdomoni mwa Kadafo, akingoja ulimi usogee. Ulisogea. Kidogo, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Akadondosha tena. Mkwe wake alikuwa anapeleka mkono kwenye nepi kila mara na kuutoa, na kila alipoutoa alitazama pembeni.

"Bado?" Medina aliuliza.

"Bado."

Jua lilipolegea, Humed alichomoa vumbi kwenye rejeta kwa ufagio na kwa vidole mpaka vikatoka damu. Injini ilikuwa imepoa yenyewe. Akaijaza maji yaliyobaki, akafukua magurudumu, lakini vumbi lilikuwa linarudi kila alipolitoa. Kilihitajika kitu cha kukanyagia. Alitazama mikeka, hakuthubutu kusema.

Mama Momina ndiye aliyeifungua. Akaitandika mwenyewe mbele ya tairi, upande mzuri ukiwa juu, kana kwamba wageni wanakuja.

Gari likatoka. Likaichana mikeka yote vipande.

"Pandeni upesi," Humed aliita. "Sizimi tena. Na hita lazima iwe wazi."

"Mtoto haingii humo," Medina alisema.

"Kwa hiyo?"

"Juu."

Akapanda kwenye keria na Kadafo amefungwa kifuani kwa kanga iliyolowa, mgongo kwenye gurudumu la akiba. Chini akasikia mabishano, kisha kichwa cha mkwe wake kikatokeza, Humed akimsukuma kutoka nyuma.

"Usinishike hapo, mimi ni mama yako."

"Nishike wapi basi, mama?"

Alijikokota akakaa kando ya Medina, akihema. Akashika mguu wa Medina kwa mkono mmoja na chuma cha keria kwa mwingine. Gari likafuata alama za ngamia kuelekea kaskazini, Humed peke yake ndani ya ile tanuri, vioo vyote chini, kichwa amekitoa nje kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Upepo wa mwendo ukapita kwenye kanga iliyolowa. Kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri Medina akahisi ubaridi.

Zile alama ziliwafikisha kwenye kambi ndogo penye kisima, nyumba chache za mikeka chini ya migunga. Wanawake waliokuwa wakinywesha mbuzi walitazama lile gari lenye watu juu na madirisha yaliyovunjwa, wakaona dagu ingoje. Mmoja akampokea Mama Momina, mwingine akaleta maji ya kiriba na maziwa ya ngamia. Bibi mmoja mwembamba akaweka kidole mdomoni mwa Kadafo, akasikiliza kifua, akasema, "Mnyonyeshe kidogo kidogo. Akikojoa, figo zimepona."

Medina akanyonyesha. Mtoto akashika ziwa, akaachia, akashika tena. Mikono ya Medina ilikuwa imechoka, haimshiki tena vizuri. Mama Momina akamchukua Kadafo, akamlaza uchi mapajani juu ya gauni lake zuri. Humed alikaa mbali, nyayo zimebabuka, asiyaguse maji mpaka aambiwe.

Walikaa wote wakiutazama mwili ule mdogo. Kiza kilikuwa kinaanza kuingia.

Kadafo akakunja uso. Akapiga teke. Halafu mkojo ukaruka, mwembamba, wa rangi ya chai, ukalowesha gauni la Mama Momina kuanzia kifuani mpaka magotini. Medina akanyoosha mkono kumchukua.

"Mwache," alisema Mama Momina, machozi yakimshuka. "Usimguse. Mwache amalize."