Yawa na Wenzake

Foleni ya maandazi ya magwinya nje ya stesheni ya Mowbray ilikuwa imepinda hadi barabarani, na kijana mmoja mwenye fulana ya mradi wa antena za kusikiliza nyota jangwani Karoo alikuwa akipiga kelele kwenye simu kana kwamba stesheni nzima ni sebule yake.

"Soma makala ya Yawa, nakwambia! Yule mzee ameimaliza hesabu yote. Lazima ni Mjapani, tena mwenye mvi mpaka masikioni."

Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka. Koti la manjano, hereni za shanga, miwani iliyoteleza puani.

"Mzee mwenyewe ni mimi," akasema. "Mvi nimezipaka rangi."

Hivyo ndivyo Lonwabo Gqirana alivyokutana na Dakta Zimkhitha Yawa, mwanafizikia wa nyota, mgeni kwenye mradi huohuo, aliyemrejelea katika kila alichoandika bila kujua hata kama ni mwanamke. Akaomba radhi mdomo umejaa. Akamuuliza ukoo wake, kama mtu aliyelelewa nyumbani anavyouliza, na tangu hapo hakumwita kwa jina jingine ila la ukoo huo, MamTolo, hata walipokuwa wapenzi.

"MamTolo, umekula?"

"Bado nipo na nyota yangu."

"Hiyo imekufa zamani, mpenzi, itasubiri. Chipsi zinapoa."

Nyota yenyewe ilikuwa mfu kweli, lakini ilidunda kama moyo, polepole kuliko vitabu vilivyoruhusu. Zimkhitha aliiona peke yake ndani ya takataka za data ambazo wenzake walikwishazitupa. Akaipima msimu mzima, akaandika makala neno kwa neno. Kisha akapelekwa Karoo kuangalia antena, kule ambako simu ya mkononi ni marufuku, maana hata mlio wake mdogo huzifunika sauti za nyota.

Akiwa huko, Profesa Aldridge, mkuu wa mradi, akaitisha kikao.

"Majina ya waandishi tuyapange kwa alfabeti, jamani. Tuwe na usawa."

Usawa! Nimeishi mji huu muda wa kutosha kujua neno hilo huwa na meno likitoka vinywa gani. Lakini Lonwabo, mtoto mwema, akawa wa kwanza kunyoosha mkono. A ya Aldridge ikakaa kichwani, Y ya Yawa mkiani. Na wanasayansi wakirejelea makala hutaja jina la kwanza tu. Waliobaki wote huitwa "na wenzake".

Makala ikavuma. Beijing wakairejelea, Santiago wakairejelea: Aldridge na wenzake, Aldridge na wenzake. Ilipofika zamu ya kamati ya chuo kumpa Zimkhitha ajira ya kudumu, wakapekua marejeo yake na kutikisa vichwa. Tangu ajiunge na mradi, Dakta Yawa hajaongoza makala kubwa hata moja. Mkataba wake ukiisha, basi. Ingebidi aondoke; Uholanzi walikuwa wakimtaka.

Zimkhitha akampigia Lonwabo simu.

"Ulinyoosha mkono?"

"MamTolo, nilidhani..."

"Usiniite MamTolo. Ulinyoosha, hukunyoosha?"

"Nilinyoosha. Na wewe ulikuwa Karoo, simu haiingii..."

"Kuna simu ya mezani! Si wiki ileile ulinipigia kuniuliza kama nimekula?"

Simu ikakatwa.

Kesho yake akaenda kwa Aldridge kuomba mpangilio urekebishwe. Profesa akamcheka.

"Kijana, na jina lako limo. Makala hii ndiyo inayokubeba. Unataka kuteremka?"

Basi akateremka. Kwenye mkutano wa mwaka, ukumbi umejaa suti na wageni wa ng'ambo, zamu yake ya kuzungumza ilipofika aliweka ukutani picha ya ile nyota, na chini yake, kwa herufi kubwa: Yawa na wenzake.

"Hakuna makala kama hiyo!" Aldridge akafoka kutoka safu ya mbele.

"Ipo, Profesa. Wewe ni mmoja wa wenzake."

Ukumbi ukaguna.

"Nimeliandikia jarida waliondoe jina langu mpaka la aliyeigundua likae mbele. Aliyeipima ile nyota kabla ya Yawa asimame."

Hakusimama mtu. Kisha mama mmoja wa kitengo cha antena akasema, "Na langu waliondoe." Mwingine akafuata. Mwingine. Zimkhitha, pale mlangoni na koti lake la manjano, akavua miwani kuifuta.

Aldridge alikubali alipoona atabaki peke yake kwenye makala asiyoweza kuieleza. Jarida likachapa sahihisho. Kamati ikaketi tena, ikampa Zimkhitha ajira, bila neno la samahani. Aldridge akastaafu kwa maua na hotuba. Waliopiga makofi nawajua kwa sura.

Lonwabo alimkuta Zimkhitha kwenye foleni ileile ya magwinya.

"Umekula, MamTolo?"

Akampisha kwenye foleni. "Bado, Radebe."

Alipomwita kwa ukoo wake, Lonwabo akapata nguvu. "Nataka kutuma wazee kwenu. Ila jina lako usiliguse. Kila anayekutafuta duniani anakutafuta kwa Yawa."

"Na kwenye kadi ya harusi nani anatangulia? Kwa alfabeti, Gqirana yuko mbele."

"Alfabeti imeniponza mara moja, inatosha." Akampokea mfuko wa magwinya. "Waandike: Yawa na mwenzake."