Mchango wa Matanga Si Mshahara

Edah anaishi Lanham, mji wa jimbo la Maryland, Marekani, na mumewe Kiplagat. Kazi yake ni kusafisha nyumba za kupanga mtu akihama, kabla mpangaji mpya hajaingia. Analipwa kwa saa. Ukimwona Edah akilivamia jiko lililoganda mafuta, utalihurumia hilo jiko.

Bosi wake ni Mama Gichuki, Mkenya mwenzake. Wanasali kanisa moja. Karibu kila wiki Edah alipita saa arobaini kazini, na saa za ziada alilipwa kiwango kile kile. Alinung'unika nyumbani tu. Mama mkwe wake alipofariki kule Kericho, Mama Gichuki ndiye aliyetoa mchango mkubwa kuliko wote.

"Huwezi kumdai mtu aliyetusaidia kumzika mama," Kiplagat alisema. "Kanisani watatuonaje? Na akikufuta kazi?"

Edah aliogopa hayo hayo. Lakini mgongo ulimuuma, na moyo pia.

Jumamosi moja jirani yao Leokadia, Mtanzania, alikuja kunywa chai. Yeye hufanya kazi katika kituo cha kutetea wafanyakazi. Edah akamweleza yote.

"Dada, ile pesa ya msiba aliitoa kama mshahara?" Leokadia aliuliza.

"La. Ilikuwa mchango."

"Basi mshukuru kwa mchango. Overtime ni kitu kingine kabisa. Mfanyakazi kama wewe akipita saa arobaini kwa wiki, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Ndiyo sheria hapa Maryland."

"Lakini nilisaini kwamba nimekubali kiwango kimoja."

"Hata ungesaini mara kumi! Saini yako haifuti sheria."

"Anasema wiki nyingine kazi ni kidogo, kwa hiyo zinafidiana."

"Hapana. Kila wiki inahesabiwa peke yake. Na ukitoka jengo moja kwenda lingine katikati ya siku ya kazi, muda huo ni kazi pia. Andika saa zako mwenyewe. Usikae miaka, maana ukichelewa sana unaweza kupoteza haki yako."

Kiplagat aliweka kikombe chini. "Na akimfuta?"

"Sheria inakataza kumwadhibu mtu kwa sababu amedai haki yake. Ofisi ya kazi ya jimbo inapokea malalamiko, na hailipishi."

Jumatatu asubuhi Edah aliingia ofisini kwa Mama Gichuki. Alisema alichokuja kusema, bila kuzungukazunguka.

"Wewe, Edah?" Mama Gichuki alishangaa. "Mimi niliyesimama na nyinyi kwa matanga?"

"Ulisimama, Mama, na sitasahau. Ule ulikuwa mchango, na tulikushukuru mbele ya kanisa lote. Hizi saa ni jasho langu. Ningependa tumalize hapa, sisi wawili. Tukishindwa, nitaenda ofisi ya kazi ya jimbo."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakuambia nitakachofanya."

Edah hakutoka. Mwishowe Mama Gichuki alimpigia simu mhasibu wake, akitarajia kuungwa mkono. Mhasibu akamwambia yale yale aliyosema Leokadia. Mama huyo hakuwa mwizi. Alidhani kwa kuwa anawatendea watu wake wema, hesabu ya sheria haimhusu. Wako wengi kama yeye, na wema wao haulipi kodi ya nyumba ya mtu.

Alimlipa Edah malimbikizo yake yote, na wenzake pia. Kisha akaajiri msafishaji mwingine ili kazi igawanywe vizuri.

Jumapili iliyofuata Edah aliingia kanisani akitafuta kiti cha nyuma kabisa. Aliona aibu, ingawa hakuwa na kosa lolote. Mama Gichuki alimwona. Akaondoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa karibu naye.

"Bado nimekukasirikia," alimnong'oneza.

"Najua, Mama."

"Basi keti. Ibada inaanza."

Edah akaketi.