Nusu ya Sahani

Kila adhuhuri, nyumbani kwao Ngamiani, Mwanasiti alimpakulia mumewe wali na samaki, kisha akaketi kusubiri lawama.

"Leo tena nusu!" alisema Mzee Idarusi. "Umenifungisha saumu?"

Mwanasiti alitazama sahani. Upande wa kulia haikubaki hata punje. Upande wa kushoto wali ulijaa, na kipande cha nguru juu yake hakikuguswa.

"Chakula hicho hapo, bwana."

"Kiko wapi? Au mimi kipofu?"

Hakuwa kipofu. Alikuwa seremala, na hata sasa aliweza kuona sisimizi akipita juu ya boriti. Lakini mwezi uliopita alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea, akawa ananyoa ndevu za upande mmoja tu. Majirani walisema ana jini. Yeye alisema mkewe anamnyima chakula, na kaka yake, Uweso, aliamini.

"Ijumaa namchukua akakae kwangu," Uweso alimwambia Mwanasiti. "Miaka thelathini ya ndoa, shemeji, leo unamhesabia matonge?"

Alhamisi alikuja Yudith, muuguzi wa hospitali, kumnyoosha mzee mkono. Aliukuta ugomvi wa chakula. Aliishika sahani akaizungusha, kushoto kukawa kulia.

"Astaghafirullah!" mzee alishtuka. "Samaki huyu ametoka wapi?"

Mwanasiti alimgeukia Yudith. Kumbe mumewe hakusema uongo.

"Macho hupeleka habari tu," Yudith alieleza. "Ubongo ndio unaopanga: hiki kiko kulia, hiki kushoto, hiki karibu, hiki mbali. Kiharusi kimeuumiza pale unapopanga mambo ya kushoto. Kwa mzee, kushoto si giza. Ni kama hakupo."

"Nusu ya dunia?" Mwanasiti alinong'ona.

"Nusu ya dunia, mama. Na mwenyewe hajui kwamba imepotea."

"Subhanallah! Basi nitamzungushia sahani kila siku."

"Atashiba, lakini hatajifunza. Weka kitambaa chekundu kushoto mwa sahani. Ageuze shingo mpaka akione. Nawe ukae kushoto kwake, umsemeshe kutoka huko. Wengine hupata nafuu pole pole, wengine hubaki na kasoro. Tujaribu."

Mwanasiti alimwomba Uweso asubiri Ijumaa tatu. Kila siku alikaa kushoto, akaita, akagonga sahani kwa kijiko. Siku nyingine mumewe aliujibu ukuta wa kulia.

Ijumaa ya tatu Uweso alifika. Mzee Idarusi alimaliza wali wa kulia, akasita. Uweso alitaka kusema. Mwanasiti akamzuia kwa kidole.

Taratibu, kama mtu anayesukuma mlango mzito, mzee aligeuza shingo. Macho yake yalimfikia samaki, yakafika kwenye kitambaa, yakakipita, yakamkuta mkewe.

"Mwanasiti! Ulikuwa hapa siku zote?"

"Nilikuwa hapa, bwana."

Uweso alimwomba shemeji yake radhi, kisha akarudi kwake peke yake.