Nyumba Juu ya Barabara

Chausiku alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, huko Minago, ufukweni nchini Burundi. Mume wake, Radjabu, alizipeleka kwa baiskeli sokoni Rumonge.

Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilipanda. Maji yalifika kwenye migomba, kisha yakavuka kizingiti. Siku moja Chausiku alifungua chumba cha watoto, akaona samaki wadogo wanaogelea chini ya kitanda. Alisimama akiwatazama. Jioni ukuta ulianguka.

Walipelekwa kwenye mahema, mbali na ziwa. Huko hakukuwa na kazi wala shule karibu. Radjabu akaenda mjini Rumonge kutafuta vibarua. Binti yao Fahima akapelekwa kwa shangazi yake huko Kabezi, na mdogo wake Faridi kwa bibi. Chausiku hakuvumilia. Alirudi ufukweni, akajenga kibanda cha turubai karibu na maji. Akina mama wengine walifanya hivyo hivyo, na watu wakawaita wakaidi.

Ndipo alipokuja Ernestina, mtafiti kutoka Bujumbura aliyechunguza hali ya watu waliohamishwa na maji. Aliketi kwenye mchanga, akageuza ndagala pamoja na Chausiku, akamuuliza kwa nini aliacha hema.

"Mama Fahima, unataka nini sasa?"

"Nataka pahali pakavu, nifike kwenye kazi kwa miguu, na watoto wangu wakuwe kwangu. Hema peke yake si nyumba."

Ernestina alimweleza kwamba kibanda kile ni hatari. Ziwa linaweza kupanda tena, na maji machafu huleta kipindupindu. Alimshauri ahamie kwa jirani aliyeishi juu ya barabara, upande wa mlimani, na ajiandikishe kwa shefu, yaani kiongozi wa mtaa, maana familia isiyojulikana husahaulika viwanja vinapogawiwa. Chausiku alikubali.

Baada ya miezi mingi, komuni, yaani serikali ya eneo lile, iliita mkutano, na Radjabu akaja kutoka mjini. Ernestina alieleza waliyosema akina mama wa ufukweni. Kisha mkuu wa komuni akatangaza kwamba viwanja vitatolewa juu ya barabara, karibu na shule, na hakuna familia itakayotenganishwa. Chausiku alimshika Radjabu mkono. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yakitoka kinywani mwa mkubwa, mbele ya watu wote.

"Kumbe walisikiliza," alimnong'oneza Radjabu.

Walipopewa kiwanja, walifyatua matofali, wakajenga. Watoto wakarudi. Siku ya kuezeka, Chausiku alitoka mlangoni akatazama chini. Ziwa lote lilikuwa mbele yake, linang'aa hadi kwenye milima ya Kongo. Alizaliwa pembeni mwake, lakini hakuwahi kuliona lote.

"Unaangalia nini?" Radjabu aliuliza.

"Ziwa. Sikujua kama iko kubwa hivi."

Fahima na Faridi wakaja kusimama naye, mmoja huku, mwingine huku.