Ramani Kumi za Mvua

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Jepchumba alipangusa ubao uliosimama kando ya lango la shule yao huko Yamumbi, kisha akaandika hali ya hewa ya siku tano zijazo. Wazazi waliopita njiani walisimama kusoma. Msimu wa kuvuna mahindi ulikuwa umefika, na kila mtu alitaka kujua kama mvua ingempa nafasi ya kuanika.

Utabiri huo uliletwa na Mwalimu Nanzala, mwalimu wao wa jiografia. Aliuchapisha kwenye saiba, duka la intaneti, mjini Eldoret, ramani kumi ndogo katika karatasi moja.

"Kompyuta hupiga hesabu ya upepo na unyevu mara kumi," aliwaeleza wanafunzi wa klabu ya hali ya hewa. "Kila mara huanza na tofauti ndogo, kwa sababu hakuna anayejua hewa yote ilivyo sasa. Ramani zikikubaliana, tunasema kwa uhakika. Zikitofautiana, tunasema zimetofautiana."

Jepchumba alizipenda ramani hizo. Akiyatazama yale mawimbi ya buluu yaliyochorea mvua, alijiona akielea nayo, mwepesi kama unyoya, juu ya misitu ya Timboroa na juu ya mashamba ya ngano, mabati ya nyumba yakimetameta mbali chini yake. Huko juu hakuona ua wala mpaka.

Huku chini mipaka ilikuwepo. Mwaka wa nne ulikuwa unakwisha tangu ghasia za baada ya uchaguzi, zilizowagonganisha majirani wa makabila tofauti. Nyumba ya jirani yao, Mzee Kinyanjui, ilichomwa siku hizo, naye akaishi kwenye hema miezi mingi kabla ya kurudi. Tangu arudi, yeye na Kiptoo, babake Jepchumba, walisalimiana kwa kuinua mkono tu, kila mtu upande wake. "Sisi hatukuchoma," Kiptoo alisema mara moja nyumbani, "lakini pia hatukuzima."

Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, Kiptoo alikubali kwenda kumsaidia Mzee Kinyanjui kupukuchua mahindi yake Jumatano na kuyaanika Alhamisi. Jepchumba alikuwa ameiota siku hiyo kwa muda mrefu.

Jumatatu, ramani sita zilionyesha ukavu mpaka Jumamosi. Nne zilionyesha mvua Alhamisi alasiri.

Mzee Kinyanjui alisimamisha baiskeli yake kando ya ubao. "Niambie, msichana wangu. Alhamisi nianike?"

Jepchumba alishika chaki bila kuandika. Akizitaja zile nne, mzee angeahirisha, na pengine babake angebadili nia. Aliandika: Hakuna mvua hadi Jumamosi.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Nanzala alikuja na ramani mpya. Nane kati ya kumi zilikuwa na mvua kabla ya jioni. Nje jua lilikuwa likiwaka. Jepchumba alizihesabu tena.

"Mwalimu, hata Jumatatu nne zilionyesha mvua. Sikuziandika, na Mzee Kinyanjui ameanika leo."

Mwalimu aliikunja karatasi. "Nami sikwenda kuusoma ubao. Kosa ni letu sote wawili. Kimbia ukamwambie mwenyewe. Nitakuja nyuma yako na wanaklabu."

Aliwakuta wazee wale wawili wameketi kwenye gogo, wakinywa chai kutoka birika moja. Mahindi yalijaa kwenye maturubai mbele yao, ya manjano, yakinukia jua. Aliwaeleza yote, akihema.

"Ulijua?" Mzee Kinyanjui aliuliza.

"Nilijua huenda itanyesha. Niliogopa mngeahirisha, halafu baba asije tena."

Mzee alimgeukia Kiptoo, akamtazama kwa muda mrefu. Kiptoo aliweka kikombe chini. "Mzee, hakuna aliyemtuma."

"Najua. Lete magunia."

Wanafunzi walipofika, walijaza magunia na kuyabeba hadi ghalani. Mvua ilishuka saa nane, nzito na nyeupe, turubai la mwisho likiwa bado wazi. Mahindi yaliyolowa yalipandishwa kwenye dari la jiko la kina Jepchumba yakaushwe na moto, yasije yakaota kuvu na kudhuru watu.

Jikoni, wakisubiri mvua ipungue, Kiptoo alimwambia bintiye, "Hata tungeahirisha, ningeenda wiki ijayo."

Mzee Kinyanjui alisogea karibu na moto. "Mwaka ule rafiki yangu aliniambia nilale, hakuna kitakachotokea. Alikuwa amesikia mengine, lakini hakutaka nihangaike. Alinipenda, na mimi nikatoka nyumbani bila hata blanketi." Alimtazama Jepchumba kwa upole. "Ukijua nusu, mwanangu, nipe hiyo nusu. Usiijaze kwa matumaini yako. Mtu akiambiwa ukweli wote, hata ule usio na hakika, anaweza kujipanga mwenyewe."