Vidole Nyuma ya Kiuno

Itangazwe kwa watu wote wa Manispaa ya Singida, wakazi na wapita njia, kwamba hii ni habari ya Chediel, dereva wa bajaji asiyejua hofu, asiyejua kushindwa, mwanamume ambaye moyo wake ni mgumu kama miamba iliyouzunguka mji wetu. Wivu, kwake yeye, ulikuwa ugonjwa wa watu wengine.

Siku habari hii inapoanza, mwamba huo ulikuwa umepiga magoti nyuma ya soko kuu, unaokota mbegu za alizeti moja moja.

Mbegu zilikuwa za Aneth, muuzaji wa duka la pembejeo, aliyekodi bajaji azipeleke kwa mteja. Chediel alimhakikishia kwamba mfuko hauhitaji kamba. Kwenye tuta la kwanza mfuko ukadondoka, ukapasuka mbele ya wauza vitunguu, na kuku wote waliokuwa na nafasi ya kufika wakafika.

"Kamba haina haja, siyo?" Aneth alisema. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, mikono ameitia humo, na hakuinama hata kidogo.

"Dada, nisamehe. Hili tuta jana halikuwepo."

"Tuta hili lina miaka minne."

"Basi jana mimi ndiye sikuwepo."

Aneth akacheka mpaka akalazimika kuitoa mikono mifukoni. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu kila asubuhi, bajaji ya Chediel ilisimama mbele ya nyumba ya kina Aneth kule Mandewa, kiti cha nyuma kimefutwa mara mbili. Kioo cha ndani alikipindisha kisionyeshe barabara, kimwonyeshe Aneth. Humo ndimo alimojifunza mengi: kwamba asubuhi hapendi kuongea kabla ya kufika kwenye kipilefti, kwamba akifikiri hung'ata mkufu wake, na kwamba anapotabasamu shavu la kushoto hutangulia. Miezi mitatu baadaye walikuwa wapenzi, na mji mzima ulijua, kwa kuwa Chediel mwenyewe aliutangazia.

Ndipo asubuhi moja Aneth akasema kupitia kioo kile kile, "Chedi, nataka kununua baiskeli."

"Ya mtoto gani?"

"Yangu. Ya resi. Zile za matairi membamba."

Chediel alikanyaga breki bila sababu. "Kwani bajaji hii imekukosea nini?"

"Bajaji haijanikosea. Nataka kujiendesha mwenyewe, nisikie upepo."

"Upepo? Singida hii? Upepo si tunapewa bure hata tukilala! Sawa, mama. Nitakuchagulia mimi."

Akamchagulia kweli. Alimpeleka kwa muuza baiskeli za mtumba akamwonyesha moja nyekundu, inayong'aa, ndefu kama ngamia. Aneth alipoipanda, vidole vya miguu ndivyo pekee vilivyoonja ardhi.

"Inakupendeza," Chediel alisema.

"Hiyo itamwua," sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa kijana mrefu aitwaye Sixbert, fundi na mkimbiza baiskeli, amevaa miwani myeusi na kaptura nyeusi iliyombana kiasi kwamba Chediel alitafuta mahali pa kuyaweka macho yake akapakosa. Sixbert hakumtazama hata mara moja. Alitoa baiskeli ya bluu iliyofifia rangi. "Panda hii. Simama, bomba la juu likiwa kati ya miguu. Umeona? Nafasi ya vidole vitatu, basi. Baiskeli huchaguliwa kwa kimo, haichaguliwi kwa rangi. Sasa bana breki. Ya nyuma ianze, ya mbele ifuate taratibu."

Aneth alibana. Aliachia. Shavu la kushoto likatangulia.

Chediel aliliona shavu hilo likitangulia kwa ajili ya mtu mwingine, na ule ugonjwa wa watu wengine ukabisha hodi kwake, ukaingia bila kungoja kukaribishwa.

Kuanzia hapo kiti cha nyuma cha bajaji kikabaki kitupu saa moja na nusu. Aneth alipita mwenyewe, kofia ngumu kichwani, taa nyekundu ikimetameta chini ya kiti, fulana ya njano inayoonekana kutoka wilaya jirani. Jioni simu za Chediel zilianza kwa mapenzi na kuishia kwa upelelezi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, dia."

"Na nani?"

"Na kijiko, Chedi."

"Leo amekufundisha nini huyo mwalimu wako wa kaptura?"

"Nisibanane na ukingo wa barabara. Nikae mita moja ndani, ili madereva wanione na wanipite kwa adabu. Nigeuze shingo nitazame kabla ya kuhama upande. Na bajaji ikiwa mbele yangu niiache mbali, maana husimama ghafla ikiona abiria."

"Amesema hivyo? Bajaji?"

"Nilimwambia namjua mmoja."

Chediel hakucheka. Alilala akiyahesabu maneno ya Sixbert aliyoyasikia kwenye kinywa cha Aneth, na hesabu haikumpendeza.

Jumamosi asubuhi wapanda baiskeli watano, Sixbert na Aneth wakiwemo, walikuwa na kawaida ya kutoka mjini kwa barabara ya Dodoma, kuelekea Ikungi, kabla upepo haujakomaa. Joshua, dereva mwenzake Chediel, ndiye aliyempa taarifa huku akila muhogo.

"Shemeji nimemwona. Amemganda yule jamaa nyuma, tairi kwa tairi. Huwezi hata kupitisha karatasi."

"Wanaenda kasi?"

"Kasi gani! Wanaenda pamoja, ndugu yangu. *Pamoja.*"

Jumamosi iliyofuata Chediel hakupakia abiria. Alisubiri nyuma ya lori la mkaa, na wale watano walipopita akawafuata.

Ilikuwa kweli. Sixbert alitangulia, mgongo umelala kama meza. Aneth alimfuata, tairi lake la mbele likikaribia kulibusu la nyuma la mwenzake. Watatu waliobaki walikuwa nyuma kidogo, lakini Chediel hakuwaona. Wivu una macho mazuri sana ya kuona watu wawili tu. Aliwapita wale watatu, akajiingiza nyuma ya Aneth.

Hapo ndipo alipoviona vidole.

Sixbert aliuondoa mkono wa kulia kwenye usukani, akaupeleka nyuma ya kiuno chake, mahali ambapo ni aliye nyuma yake tu angeweza kuuona. Akanyoosha kidole kimoja chini, akakichezesha. Aneth akapinda kidogo, kisha naye akapeleka mkono wake nyuma, akachezesha kidole vile vile. Baada ya muda kiganja cha Sixbert kikapunga, kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anayebembeleza. Aneth akapunga.

"Kumbe," Chediel alisema peke yake. "Kumbe wana lugha yao."

Aliongeza moto. Alikuwa mbali hatua thelathini, zikawa kumi, zikawa nne. Alitaka kuvisoma vidole hivyo kimoja kimoja. Kidole chini: tukutane kwetu? Kupunga: jamaa yako asijue? Damu ilimpanda, masikio yakawaka. Ndipo Sixbert akakishusha kiganja ubavuni, wazi, kimeelekea nyuma, na Chediel akawa bado anatafuta tafsiri ya hicho wakati baiskeli mbili zilizokuwa mbele yake zilipopunguza mwendo.

Kundi la mbuzi lilikuwa linavuka barabara.

Chediel alikanyaga breki akiwa amechelewa. Tairi la mbele la bajaji likaligusa la nyuma la Aneth, mguso mdogo tu, kama mtu anayegonga mlango. Aneth akaruka, akatua begani kwenye mchanga wa pembeni. Kofia yake ikagonga jiwe.

Alimfikia akitambaa. "Aneth! Aneth, mama, sema neno!"

Aneth alikaa. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Aliivua kofia, akautazama ufa ulioipasua ubavuni, kisha akamtazama dereva.

"Chedi? Ni wewe uliyenigonga?"

"Nilikuwa... nilikuwa naangalia vidole."

"Vidole gani?"

Chediel alimnyooshea Sixbert kidole. "Vyake. Anavyokuchezea nyuma. Na wewe unamjibu!"

Wapanda baiskeli wakatazamana. Sixbert ndiye aliyejibu, na wala hakupandisha sauti. "Kidole chini ni shimo. Wa mbele analiona, wa nyuma halioni, kwa hiyo anamwonyesha, naye anamwonyesha anayemfuata. Kupunga ni gari limesimama, hama. Kiganja wazi ni punguza mwendo. Aneth alikuwa anakuonyesha wewe, kaka. Alijua nyuma yake kuna kitu, hakujua ni nani."

"Na kumganda tairi kwa tairi?"

"Anajikinga upepo."

Mbuzi walikuwa wamemaliza kuvuka. Aneth alisimama, akakataa mkono wa Chediel, akakataa na wa Sixbert.

"Nilipoanza kuendesha niliogopa malori," alisema. "Nikaogopa mabasi, nikaogopa bodaboda. Kila jioni unanipigia simu nakwambia ninavyojihadhari. Kumbe wa kujihadhari naye nilikuwa naongea naye." Akafuta mchanga mdomoni. "Usinipigie, Chediel."

Hakumwita Chedi. Hilo ndilo lililomfuata njia nzima ya kurudi mjini.

Alipiga hata hivyo. Simu iliita mpaka ikachoka. Akatuma ujumbe mrefu wenye aya nne, haukujibiwa. Akaambiwa kwamba Aneth amerudi barabarani na kofia mpya, ila akisikia mlio wa bajaji nyuma yake anashuka kabisa na kusimama pembeni mpaka ipite. Kusikia hivyo kulimuuma kuliko kama angeambiwa ana mwanamume mwingine.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, akaenda karakana ya Sixbert.

"Nataka ukweli," alisema mlangoni. "Unamtaka?"

Sixbert alikuwa ananyoosha ringi ya Aneth, ile iliyopinda alipogongwa; alikuwa amemwazima nyingine. Hakuacha kazi. "Nilimtaka. Nikamwambia. Akasema ana mtu wake, ana wivu kama nini, lakini ni wake. Tangu hapo namfundisha baiskeli tu."

Chediel alitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Kwa kuwa haiwezekani, akakaa kwenye kopo la rangi. "Lini alisema hivyo?"

"Kabla hujamgonga."

"Nifundishe," Chediel alisema mwishowe. "Siyo ili nimpate. Nataka kujua yeye anaona nini akiwa pale."

Sixbert alimpa baiskeli kuukuu na kofia ya kuazima. Asubuhi ile Chediel, aliyeendesha mjini miaka saba, aliingia kwenye kipilefti kwa mara ya kwanza bila chuma kumzunguka. Lori likampita karibu. Upepo wake ulimvuta ndani, kisha ukamtupa nje. Basi likapiga honi sikioni. Bajaji moja ikamkata mbele ghafla, ikasimama kuchukua abiria, na dereva akatoa kichwa: "Wee mzee! Toa hilo dude lako njiani!"

Alikuwa Joshua. Hakumtambua. Na Chediel aliitambua vizuri sana sentensi ile, maana walizoea kuisema wote wawili na kucheka.

Alifika duka la pembejeo suruali imepakaa grisi, jasho linadondoka kwenye magunia ya mbolea. Aneth alikuwa peke yake kaunta, plasta kwenye kiwiko. Ndipo Chediel alipopiga goti moja kati ya majembe na madumu ya dawa, akainua macho yaliyojaa machozi, akasema kwa sauti iliyowatoa wapita njia barabarani: "Ewe Aneth, nuru ya macho yangu, malkia wa barabara zote za lami na za vumbi, moyo wangu uliopinda kama ringi naomba uunyooshe kwa..."

Hapa nimelazimika kusimama. Dada yangu Aneth yuko nyuma ya kiti changu, ana mwiko mkononi, na amesoma mpaka kwenye *malkia*.

"Nani alipiga goti?" anauliza.

Nakiri. Hakuna aliyepiga goti. Mimi nilikuwa bwenini, kidato cha nne, siku zote hizo. Wiki nzima ya likizo nimekuwa nikimchokonoa dada jikoni na shemeji kwenye bajaji yake, na palipobaki pengo nikaziba mwenyewe. Machozi ni yangu. Wapita njia ni wangu.

"Andika alichosema," dada ameniamuru.

Alichosema shemeji ni hiki. Alisimama mlangoni, kofia bado kichwani, hata kamba ya kidevu hakuifungua, akauliza: "Aneth, kesho utapita barabara gani?"

"Unataka kujua ili iweje?"

"Ili mimi nisipite huko. Usishuke tena kwa ajili yangu."

Dada anasema kwanza alimhudumia mteja mmoja aliyeingia, mpaka akatoka. Kisha akamwambia: "Pita, Chedi. Ila ukinipita, niachie mita moja na nusu. Na Jumapili baba anakuja kutoka Nduguti. Uje umpe shikamoo, umweleze mwenyewe unataka nini."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa, na mwiko bado uko juu.