Alama kwenye Safu ya Tatu

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Chiriku alipita lango la kituo cha afya, akamwamkia mlinzi, akaizunguka foleni ya kina mama wenye watoto mgongoni, akaingia chumba cha kumbukumbu. Mama yake alikuwa karani wa chumba hicho. Kilikuwa chumba chembamba chenye meza mbili, feni inayokwaruza na kompyuta moja. Jina la Chiriku alipewa na wauguzi. Walisema mtoto yule akinyamaza, basi amelala au anaumwa.

Kompyuta ile ilitumia mfumo wa Linux, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza rejista ya chanjo: jina la mtoto, simu ya mzazi, chanjo aliyopata na tarehe ya kurudi. Kila siku saa sita mchana programu maalumu ilitengeneza nakala ya rejista na kuiweka kwenye diski ya nje, kiboksi cheusi chenye taa ya kijani kilichounganishwa kwa waya. Kompyuta ikiharibika, nakala ingekuwepo.

Ukutani kulikuwa na karatasi ya ukaguzi yenye safu tatu. Ya kwanza: taa ya diski inawaka. Ya pili: programu imeandika "Nakala imekamilika". Ya tatu: faili la leo limefunguliwa kutoka kwenye diski na linasomeka. Miezi miwili nyuma Chiriku aliomba apewe kazi ya kukagua, na mama yake akamkabidhi. Mwanzoni alifanya yote matatu kwa bidii. Lakini faili lilifunguka leo, likafunguka kesho, likafunguka na keshokutwa, mpaka akaona anajisumbua bure. Tangu hapo alitazama taa, akasoma taarifa, akaweka alama tatu na kuondoka.

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja alimkuta mama yake amesimama mbele ya kompyuta. Mama hakuwa mtu wa kufanya kazi akiwa wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka mkoba pale. Usiguse kitu."

Rejista ilikuwa imeganda saa saba mchana. Mama aliizima kompyuta, akaiwasha tena, na rejista ikafunguka tupu. Faili lilikuwepo kwa jina, lakini ukubwa wake ulikuwa sifuri. Jumatatu ilikuwa siku kubwa ya chanjo. Bila rejista, muuguzi asingejua ni mtoto gani anarudia dozi gani, wala asingeweza kuwakumbusha waliosahau.

"Lakini nakala ipo," mama alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Fundi yuko njiani."

Chiriku akaitazama taa ya kijani. Ilikuwa inawaka. Hata hivyo hakutulia: akaketi, akainuka, akaenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Fundi wa kompyuta alifika saa kumi kasoro robo. Alikuwa mwembamba, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni, na wafanyakazi wote walimwita Fundi Kwanini, kwa kuwa ukimwambia kitu kimeharibika, hakuuliza kimeharibikaje bali kwa nini. Aliketi, akavaa miwani, akaandika amri, akasoma, akaandika nyingine. Kisha akakunja uso.

"Nakala ya mwisho kwenye diski hii ni ya tarehe tatu."

"Haiwezekani," mama akasema. "Leo ni tarehe ishirini na moja."

"Ndiyo. Zimepita siku kumi na nane. Na taarifa za programu zinasema kila siku ilikamilisha kazi, isipokuwa leo." Akageuka kuitazama karatasi ukutani. "Nani anaweka alama hizi?"

"Mwanangu."

Fundi akamtazama Chiriku juu ya miwani. "Safu ya tatu ina alama ya jana, na juzi, na siku zote za wiki iliyopita. Faili lilifunguka kutoka kwenye diski?"

Chiriku akaitazama ile karatasi. "Ndiyo," akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Vizuri. Basi nakala zilifika kwenye diski, zikasomeka, halafu zikapotea. Kwa hiyo diski ndiyo mgonjwa." Akapandisha miwani, akaanzisha kipimo cha kuchunguza diski yote, sehemu kwa sehemu. Kwenye skrini ikatokea asilimia moja. Baada ya muda mrefu ikawa mbili.

Tarehe tatu. Chiriku aliikumbuka vizuri. Siku hiyo Njiti, rafiki yake wa darasani, mtoto wa mtoa dawa wa kituo, alikuja na simu ya dada yake iliyokufa chaji, akitaka waangalie video ya fainali ya mashindano ya shule. Kompyuta ilikuwa na tundu moja tu zima kando ya lile la kipanya, na tundu hilo lilikuwa la diski. Chiriku akauchomoa waya wa diski, akachomeka wa simu. Nusu saa baadaye akaurudisha. Taa ikawaka kijani kama kawaida, naye akasahau.

Sasa alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Asilimia thelathini. Feni ikakwaruza. Mama alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Chiriku leo amemeza nini?" muuguzi mmoja akauliza akipita mlangoni.

Kipimo kilipomalizika, fundi alivua miwani. "Diski ni nzima kabisa. Haina hata doa." Akahamia kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Hapo napo akakutana na kitendawili. Mfumo ulisema diski ya ndani imejaa pomoni. Ndiyo maana rejista ilikosa nafasi ya kujihifadhi ikabaki tupu. Lakini alipojumlisha ukubwa wa folda zote, moja baada ya nyingine, hazikufika hata nusu ya diski.

"Imejaa, lakini kilichoijaza hakionekani," akasema. "Nikiiamini karatasi ile, jibu ni moja tu: mpangilio wa diski ya ndani umevurugika. Itabidi niifute yote, niweke mfumo upya, kisha nirudishe nakala ya tarehe tatu."

"Na watoto wa baada ya tarehe tatu?" mama akauliza.

"Wangapi?"

"Mia tatu na wanne."

"Hao watakuwa wamepotea. Ni uamuzi wako, dada. Na mimi nafunga kazi saa kumi na mbili."

Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na dakika kumi. Mama akashika kichwa. Chiriku akatoka nje bila kuaga.

Njiti alikuwa amekaa kwenye ngazi za chumba cha dawa akimsubiri baba yake. Chiriku akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Sasa wewe unahangaika nini?" Njiti akasema. "Nyamaza. Kompyuta haina mdomo."

"Anataka kufuta kila kitu!"

"Si fundi huyo? Anajua anachofanya."

"Hajui! Anafuata karatasi, na karatasi nimeijaza mimi."

"Ukisema, mama yako atakuchuna ngozi. Na mimi utanitaja, nakujua." Njiti akamshika mkono. "Waya wenyewe uliurudisha. Labda hata hauhusiki."

Chiriku akasita. Huenda kweli hauhusiki. Lakini kama hauhusiki, kwa nini tarehe zilikuwa zile zile? Akaunyofoa mkono wake, akakimbia.

Alipoingia, mama yake alikuwa anaweka saini kwenye fomu ya kuruhusu kazi, na kidole cha fundi kilikuwa juu ya kibodi.

"Usibonyeze!"

Wote wawili wakageuka.

"Sikufungua faili," Chiriku akasema. "Safu ya tatu. Jana sikufungua, juzi sikufungua. Zaidi ya mwezi sasa sijafungua. Naweka alama tu. Na tarehe tatu nilichomoa waya wa diski nikachaji simu. Nusu saa. Halafu nikaurudisha, taa ikawaka." Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyazuia mpaka amalize.

Mama akafungua mdomo. Fundi akainua mkono kumzuia, kwa heshima.

"Ulichomoa kabla au baada ya nakala ya saa sita?"

"Baada. Ilikuwa jioni."

"Na tangu siku hiyo kompyuta imewahi kuzimwa?"

Mama ndiye aliyejibu. "Haizimwi. Wewe mwenyewe ulituambia tusiizime. Nimeizima leo tu."

Fundi akakaa wima. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alitabasamu.

"Njoo hapa, mtoto. Hebu fikiria folda ya nakala ni sakafu, na diski ya nje ni mkeka. Kompyuta hii ikiwashwa, hutandika mkeka juu ya sakafu, na programu hupanga nakala juu ya mkeka. Wewe ulipochomoa waya, mkeka uliondoka. Ulipourudisha, taa iliwaka kwa kuwa umeme ulifika, lakini mkeka haukutandikwa tena. Programu haina macho. Ikaendelea kupanga nakala palepale, sasa zikiwa chini sakafuni, yaani ndani ya kompyuta yenyewe. Kila siku ikasema imekamilika, na kweli ilikamilika. Sakafu ikajaa. Leo rejista ikakosa nafasi. Mama akazima, akawasha, mkeka ukatandikwa upya..."

"Juu ya nakala," Chiriku akamalizia.

"Juu ya nakala. Ndiyo maana hazionekani. Kama nisemavyo ni kweli, zipo. Tusibishane, tutazame."

Akaandika amri fupi ya kuitenga diski ya nje na ile folda. Kisha akaagiza orodha ya vilivyomo. Skrini ikajaa mistari: tarehe nne, tarehe tano, tarehe sita. Mama akahesabu kwa kidole mpaka wa mwisho, tarehe ishirini, saa sita mchana. Nakala kumi na saba.

"Mungu wangu," akasema, akaketi.

Fundi hakushangilia. Alichukua kwanza nakala ya mwisho, akaihamishia kwenye diski yake mwenyewe, akaifungua humo na kumwambia mama asome majina matano kwa sauti. Yaliposomeka ndipo akahamisha na nyingine, akasafisha nafasi, akairudisha rejista mahali pake. Watoto mia mbili na tisini na watatu walirudi. Kumi na mmoja, walioandikwa kati ya jana mchana na leo saa saba, hawakuwa kwenye nakala yoyote. Majina yao na simu zao zilikuwa kwenye daftari la foleni mlangoni, lakini chanjo na tarehe zao za kurudi hazikuwa popote.

Kabla ya kuondoka, fundi aliongeza mstari mmoja kwenye programu. "Kuanzia leo, ikikuta mkeka haupo, itakataa kazi na kupiga kelele. Nilipaswa kuweka hili tangu mwanzo. Hilo ni kosa langu, na nitaliandika kwenye ripoti." Kisha akamgeukia Chiriku. "Kosa lako la waya ningeligundua kwa dakika tano. Hili la folda kufunikwa nalijua. Lakini karatasi iliniambia faili la jana limefunguliwa kutoka kwenye diski, nami nikaiamini, nikalifunga hilo wazo. Saa nzima nimemtibu mgonjwa ambaye haumwi. Alama ya uongo humpoteza hata anayekuja kukusaidia."

"Samahani, Fundi."

"Samahani yako iweke kwenye kazi. Kwaherini."

Njia nzima ya kwenda nyumbani mama alitembea mbele, na Chiriku akamfuata nyuma. Usiku alijigeuza kitandani mpaka shuka likaanguka.

Jumamosi asubuhi mama alimweka mezani na daftari la foleni, simu na kalamu. "Watoto kumi na mmoja. Utawapigia wazazi mmoja mmoja, uwaombe wakusomee kadi. Mimi naandika."

Wanne wa kwanza walisoma kadi zao bila maswali. Wa tano alikuwa baba mwenye sauti nzito.

"Mbona haya yote niliwaeleza juzi?" akafoka. "Nyie mnacheza na watu? Kadi anayo mke wangu, na mke wangu yuko kazini. Kwa nini mnauliza tena?"

Chiriku akamtazama mama yake. Ilikuwa rahisi kusema kompyuta iliharibika, na wala usingekuwa uongo mtupu. Mama hakutikisa kichwa wala kukonyeza. Alisubiri tu, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Ni kwa sababu yangu, baba," Chiriku akasema. "Nilipewa kazi ya kukagua kumbukumbu, nikasema nimekagua, na sikukagua. Maelezo ya mtoto wako yakapotea. Tunaomba radhi. Tunataka tuyaandike tena kabla ya Jumatatu."

Upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Una umri gani wewe?"

"Miaka kumi na miwili."

"Haya. Subiri, nampigia mke wangu kwa simu nyingine. Usikate."

Wakasubiri. Mama akaweka kalamu chini.

"Kukagua kuanzia Jumatatu nitafanya mwenyewe," akasema taratibu. "Wewe utasimama kando yangu utazame, mpaka niseme inatosha. Sikufukuzi. Lakini ujue jambo hili, mwanangu: wazazi wanatuachia habari za watoto wao kwa sababu wanaamini tukisema 'nimeona', tumeona. Usiseme umeona usichokiona. Na ukiwa umeshasema, rudi useme ukweli mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Jana ulichelewa, lakini ulirudi."

Simu ikakwaruza. "Haya, mtoto," ile sauti nzito ikasema, "uko tayari? Andika."